Mwalimu Emiliana Ntandu, Mtunza Vitu vya Watu wa Mnyeu

Waheshimiwa mapadre, shehe wetu, ndugu na majirani wote mliofika hapa Mnyeu leo Ijumaa. Tangu juzi familia imeombwa mara kadhaa kwamba wasifu huu uwe mfupi na uwe wa kujenga. Anayeusoma ni Leonard, mdogo wa mwisho wa marehemu, na ndiye aliyeuandika. Ameandika yaliyotokea. Palipo parefu, mvumilieni.

Mwalimu Emiliana Paskali Ntandu alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, katika kijiji hiki hiki, ng'ambo ya korongo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mtinko. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Paskali Ntandu, mkulima wa mtama na mrina asali, na Mama Luciana. Walizaliwa watano. Wawili hawakupita mwaka wao wa kwanza, na mmoja alitangulia mwaka 1998. Septemba 1970 Mama Luciana alifariki, siku tatu baada ya kumzaa Leonard. Emiliana alikuwa na miaka kumi na tatu. Tangu asubuhi ile mtoto alikuwa wake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966 huko Mtinko, akamaliza la saba mwaka 1972. Mama yao alipofariki alikuwa darasa la tano, na baba alimtaka aache shule. Akamjibu kwamba ataacha siku mtoto atakapoweza kujipikia uji mwenyewe. Basi akawa anakwenda naye mgongoni, na maziwa ya mbuzi kwenye kibuyu kidogo. Mwalimu wa hesabu alimkalisha karibu na mlango ili mtoto akilia atoke upesi. Siku moja mkaguzi wa shule alifika, akahesabu vichwa arobaini na moja, na daftari la mahudhurio lina majina arobaini.

"Huyu wa ziada ni nani?" akauliza.

Mwalimu akajibu bila kucheka: "Ni mwanafunzi wa darasa la tano, mheshimiwa. Bado hajapata sare."

Kuanzia hapo Emiliana alimwita mdogo wake Darasa la Tano. Alimwita hivyo nyumbani, sokoni, na hata mbele ya wakwe wa Leonard siku ya kupeleka posa.

Mwaka 1976 alichaguliwa kuingia mafunzo ya ualimu, nchi ilipokuwa inatafuta walimu kila kona ili watoto wote wasome. Alifundisha kwanza upande wa Ikungi, kisha Unyambwa, kisha Mwankoko, na mwaka 1991 akahamishiwa huku kwetu kwa ombi lake mwenyewe. Alistaafu Machi 2017. Wengi mliokaa hapa, alama ya kwanza mliyowahi kuandika ardhini kwa kijiti, yeye ndiye aliyewashika mkono.

Jumamosi tarehe 4 Oktoba 1980 alifunga ndoa na Ndugu Abraham Msengi, fundi seremala kutoka Iramba, mtu mpole aliyesema maneno machache na kupiga misumari mingi. Walijaliwa watoto watatu, Amosi, Magreth na Sara. Abraham alifariki tarehe 9 Juni 2011. Rafu za nyumba ya makumbusho, zile mnazozijua, ni mikono yake. Hakuna hata moja iliyopinda mpaka leo.

Sasa tuingie kwenye hiyo nyumba, maana ndiyo iliyomjenga na ndiyo iliyommaliza.

Mwaka 2003, akiwa anafundisha darasa la sita, alileta shuleni kilindo cha bibi yake, lile pipa la gome la mti ambalo wazee walihifadhia nafaka. Akauliza darasa zima, ni kitu gani hiki? Watoto wakasema ni pipa la takataka. Alirudi nyumbani siku ile hakula. Alimwambia mume wake, "Baba Amosi, hawa watoto wanakaa na vitu vya babu zao kama wageni waliofika jana." Mwezi uliofuata akaomba kijiji kimpe lile ghala la zamani la ushirika, ambalo nusu ya paa lilikuwa limekwenda na upepo. Walipaua wenyewe, yeye na mumewe na wanafunzi. Tarehe 7 Julai 2004 ghala likafunguliwa. Kibao cha nje kiliandikwa Makumbusho ya Mnyeu, lakini watu hawakulizoea jina hilo. Walisema Nyumba ya Vitu vya Watu, na ndivyo ilivyokuwa.

Havikuwa vitu vyake. Hili aliliweka wazi tangu siku ya kwanza, na familia inaliweka wazi tena leo. Kila aliyeleta kitu aliandikwa kwenye kaunta buku: jina lake, jina la kitu, kilikuwa cha nani kabla, na maneno aliyoyasema mwenyewe wakati wa kukikabidhi. Kisha Mwalimu alikata kipande cha katoni, akaandika jina la mwenye kitu kwa mwandiko ule wake wa ubaoni, akakifunga kwa uzi. Mzee Mathayo alileta ngoma ya baba yake. Mama Kristina, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alileta kibuyu cha maziwa alichokuja nacho mama yake siku ya kuolewa, kina shanga shingoni. Bibi Amne alileta jiwe la kusagia. Zikaja nyundo za wafua chuma, mizinga ya nyuki, vigoda, mikuki, vyungu, mbeleko za ngozi. Kufikia mwaka 2019 vilikuwa vitu mia moja arobaini na vinne.

Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kufungia vitu ndani. Alisema kitu kisichozungumzwa ni kuni. Kila Alhamisi walikuja watoto wa shule, na mchezo wao ulikuwa kushika kitu macho yamefumbwa na kusema kilifanya kazi gani. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilikuwa Jumamosi ya Wazee: mwenye kitu anakaa kwenye kigoda, anakipakata, anasimulia, na watu wanauliza. Mzee akifariki, Mwalimu alisubiri matanga yaishe, au arobaini kwa ndugu zetu Waislamu, kisha akaita familia ije isimame mbele ya kitu cha marehemu wao na kusema lolote walilonalo. Watu walilia mle ndani na kutoka wamepoa.

Na kila Julai, mtama ukishavunwa, kulikuwa na Siku ya Kusaga. Mwaka 2009 Mwalimu aliwashindanisha paroko na imamu, kila mmoja kwenye jiwe lake, magoti chini, mbele ya umati. Paroko alianza kwa nguvu sana. Imamu alikwenda taratibu, maana alilelewa na bibi yake katika nyumba isiyo na msichana. Walipomaliza, Bibi Amne akaonja unga wa huku, akaonja wa huku, akasema, "Huu wa shehe upikwe. Huu wa padre wapeni kuku." Paroko mwenyewe alicheka mpaka akashikilia ukuta. Mwaka 2016 siku hiyo ilileta watu wasiopungua mia nne, wengine wametoka mjini kwa mabasi mawili.

Huo ndio utamu wake. Uliobaki ni mchungu, na Leonard hatauongezea sukari.

Mwishoni mwa Aprili 2019 alifika mtumishi wa ofisi moja mjini, ambayo familia imeshauriwa isiitaje. Alikuwa na barua yenye mhuri. Kulikuwa na maonyesho ya siku kumi, na ofisi iliomba vitu vyote vya Mnyeu vipelekwe huko vikaonekane na wageni. Mwalimu alimkaribisha chai, akaisoma barua mara mbili.

"Mwanangu," akamwambia, "waleteni hao wageni huku. Kitu hiki bila mwenyewe hakisemi."

"Mwalimu, hii ni heshima kwa kijiji chenu."

"Vitu si vyangu. Siwezi kuazimisha cha mtu."

Mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule alikuwepo. Familia imeombwa isimtaje jina na haitamtaja, ingawa yupo hapa. Alisema, "Mwalimu, usitutie aibu. Tuwaite wenyewe waamue." Mkutano ukaitwa Jumamosi tarehe 4 Mei, pale pale mbele ya ghala. Wenye vitu walifurahi. Walitaka majina yao yaonekane mjini. Walipoulizwa, mikono yote ilinyooshwa. Mkono mmoja tu ulibaki chini, na wote mliokuwepo mnajua ulikuwa wa nani.

Jumatatu tarehe 6 Mei lori likaja. Vikapakiwa vitu mia moja arobaini na vitatu. Jiwe la Bibi Amne lilibaki kwa sababu wapakiaji walilishika, wakatazamana, wakaliacha. Hati ya makabidhiano ilitiwa sahihi na watu watatu: mtumishi wa ofisi, Mwalimu Emiliana, na mwenyekiti kama shahidi. Mwalimu alibaki na nakala.

Tarehe 16 Mei, siku ya kumi, aliosha rafu zote, akapika uji wa sherehe, akapanga wanafunzi barabarani waimbe lori likitokea. Walikaa mpaka jua likaanza kuzama. Akawagawia uji uliopoa, akawaambia waende nyumbani, lori litakuwa limeharibika njiani.

Kwenye shajara yake kuna safari ishirini na tatu za kwenda mjini kufuatilia. Kwanza aliambiwa vitu vinafanyiwa uhakiki. Kisha akaambiwa yule mtumishi amehamishwa. Aliyefuata aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Bibi, hii ni nakala. Ya asili iko wapi?"

"Ya asili nilimpa mwenzako, mwanangu. Ndivyo alivyotaka."

"Basi mtafute yeye."

"Yuko wapi?"

"Mimi nitajuaje?"

Huku nyumbani, wakati yeye anapanda na kushuka mabasi, maneno yalianza. Agosti mwaka ule Amosi, ambaye ni fundi magari Mwanza, alimtumia mama yake bati za kuezekea nyumba, kwa kuwa ya zamani ilikuwa inavuja. Bati zikang'aa. Watu wakazitazama, wakajumlisha wanavyojua wenyewe. Ikasemwa Mwalimu ameuza vitu kwa Wazungu. Ikasemwa lori lile lilikuwa la mnunuzi kutoka Arusha. Ikasemwa na watu walioliona lori kwa macho yao na kunyoosha mikono yao.

Jumamosi tarehe 14 Septemba 2019 ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mzee Mathayo alisimama na fimbo yake.

"Mwalimu, mimi nina neno moja. Ngoma ya baba yangu iko wapi?"

Mwalimu akasimama, akatoa nakala, akaisoma yote kwa sauti, jina kwa jina, kitu kwa kitu. Ilichukua karibu nusu saa. Kisha akaipeleka mezani kwa mwenyekiti, akasema, "Mwenyekiti, waeleze. Sahihi yako hii hapa."

Mwenyekiti alivaa miwani. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Uchaguzi wa kijiji ulikuwa umebakiza miezi miwili.

"Sahihi hii," akasema, "siitambui."

Mwalimu akaichukua tena mezani. Aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka kwenye kanga, akaondoka katikati ya mkutano, na wanawake wakasogeza miguu kumpisha kama mtu anayepisha mwenye ukoma. Novemba mwenyekiti alichaguliwa tena. Kura zilitosha.

Tangu hapo jina lake likawa Mwizi wa Ghala. Zamu ya jumuiya ndogo ndogo kusali nyumbani kwake ilipofika, ilirukwa, na hakuna aliyesema kwa nini. Mama Kristina, aliyekuwa akichota naye maji tangu wakiwa wasichana, alianza kwenda kisimani saa nyingine. Watoto walipita mbele yake bila kusema shikamoo. Huku kwetu mnajua maana yake. Mwalimu alibuni dawa yake mwenyewe: mtoto akipita kimya, yeye aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kama vile amesalimiwa. Wengine walikimbia. Wengine walicheka. Hakuacha.

Na hakufunga nyumba. Hili Leonard alilishuhudia na hakulielewa wakati ule. Pale kilipokuwa kitu, Mwalimu aliweka kipande kipya cha katoni chenye jina la kitu na la mwenyewe. Kila Jumamosi ya kwanza alifagia, akafungua mlango saa tatu asubuhi, akakaa kwenye benchi. Akitokea mtu, alimzungusha kwenye rafu tupu na kumsimulia kila kitu kwa kichwa, maneno ya kila mwenye kitu kama alivyoyasema. Alimsimulia hata ngoma ya Mathayo, kwa heshima ile ile. Mwanzoni walikuja wachache, halafu wazazi wakawakataza watoto. Kufikia 2021 aliyekuja ni Bibi Amne peke yake, na fimbo yake, akiwa na miaka tisini na mbili. Julai ile walifanya Siku ya Kusaga wawili, kwa jiwe moja, kwa zamu. Bibi Amne alifariki mwaka uliofuata. Baada ya hapo Mwalimu alikuwa akifungua mlango na kukaa mpaka saa nane, kisha anafunga.

Leonard naye ana la kusema juu yake mwenyewe. Krismasi ya mwaka 2021 alikwenda kumtembelea dada yake. Walikula, wakakaa uani. Maneno ya watu yalikuwa yamemfikia miaka miwili mfululizo, kazini, kilabuni, kanisani, na maneno yakirudiwa sana yanaota mizizi hata kwenye kichwa cha ndugu. Akasema, "Dada, niambie mimi tu, sitamwambia mtu. Kweli hukuuza hata kimoja?"

Dada yake alimtazama. Akainuka, akawawekea kuku maji, akasuuza sufuria ambayo ilikuwa safi. Aliporudi alisema, "Kunywa chai, Leonard. Inapoa."

Alimwita Leonard. Hakumwita tena Darasa la Tano mpaka mwisho.

Novemba 2023 Mwalimu alianza kushindwa kumeza chakula kikavu. Januari 2024 alipimwa Singida mjini, akapewa rufaa kwenda Dodoma, na huko ikaonekana ni saratani ya koo la chakula. Alipata matibabu mpaka Oktoba. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walifanya kila walichoweza. Madaktari waliposema arudi apumzike, Magreth alimchukua nyumbani kwake Unyambwa, kwa sababu Mwalimu mwenyewe alisema hataki kufia mahali ambapo watu wanapita kutazama kama kweli anaumwa.

Jumatano tarehe 12 Februari mwaka huu, mjini, ofisi ile ilikuwa inahamisha vitu vyake ili jengo bovu la nyuma libomolewe. Karani mmoja, Peniel, alitumwa kutoa viti vilivyovunjika. Nyuma ya viti, chini ya turubai lililotoboka, alikuta mrundo. Alivuta kitu kimoja, akaona kipande cha katoni kimefungwa kwa uzi. Peniel alisoma hapa kwetu. Mwandiko ule ndio uliomfundisha kuandika. Anasema alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazini.

Alimpata Magreth kwa simu, na kesho yake alifika Unyambwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Peniel, Mwalimu. Wa Marko, yule mwenye mashine."

"Peniel. Herufi yako ya 'g' ilikuwa inalala chali."

"Bado inalala, Mwalimu." Akatoa simu. "Vimepatikana."

Akamwonyesha picha, moja baada ya nyingine. Sauti ya Mwalimu ilikuwa imebaki kama mnong'ono, lakini alitaja kila kitu na mwenyewe kabla Peniel hajasema. Vitu hamsini na vinane vilikuwa vizima. Vingi vilikuwa vimeoza kwa mvua na mchwa. Ishirini na sita havikuonekana kabisa.

"Ngoma ya Mathayo?"

"Umebaki mzinga wa mti tu, Mwalimu. Ngozi imeliwa."

Alifumba macho. Magreth alidhani amelala. Kisha akasema, "Msivirudishe kwenye ghala. Kila kitu kipelekwe mlangoni kwa mwenyewe."

"Na vilivyooza, mama?" Magreth akauliza.

"Hasa vilivyooza."

Jumamosi tarehe 1 Machi, Leonard na Peniel walizunguka kijiji hiki kwa kirikuu, kigari cha mizigo, tangu asubuhi. Walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakamkabidhi kila mtu chake na kipande chake cha katoni. Hawakuhutubia. Mzee Mathayo alipokea mzinga wa ngoma, akaingiza mkono ndani yake, akatoa udongo wa mchwa. Akakaa kizingitini. Kwa mwenyekiti wa zamani hawakupita. Hakuwa ameazimisha chochote.

Ndipo watu wakaanza kwenda Unyambwa. Katika wiki mbili walifika wengi kuliko waliofika katika miezi kumi na minne ya ugonjwa. Walileta maziwa, kuku na mayai, kwa mtu asiyeweza kumeza. Mwenyekiti wa zamani alikuja na wenzake wawili na wazo kwamba makumbusho yafunguliwe upya kwa sherehe, aalikwe mgeni rasmi. Mwalimu alisikia sauti yake sebuleni, akamwambia Sara, "Mwambie nimelala." Alikuwa ameketi, anatazama dirishani.

Mama Kristina alikuja peke yake, na kibuyu cha mama yake mkononi. Kilikuwa kati ya vile vizima. Alisimama mlangoni pa chumba, hathubutu kuingia.

"Mama Amosi," akasema.

Mwalimu akageuza kichwa. "Umekuja kuniona mimi, au umekuja kunionyesha kibuyu?"

Mama Kristina alipiga magoti pale pale. Alilia, akasema hakujua, akasema watu walisema, akasema nisamehe. Wengi wangependa wasifu huu useme kwamba Mwalimu alimsamehe. Familia ilikuwepo chumbani na haitasema kisichosemwa. Mwalimu alisubiri mpaka kilio kikatulia, kisha akasema, "Nipe maji." Mama Kristina akamshika shingo, akamnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, karibu saa nzima. Kesho yake alirudi. Alirudi kila siku mpaka mwisho, na hawakuzungumza.

Mwalimu Emiliana alifariki dunia Jumanne tarehe 8 Aprili 2025, saa nne asubuhi, Unyambwa, akiwa na miaka sitini na minane.

Jana jioni wazee wa kijiji walikuja kwa familia na ombi. Waliomba jeneza lipitishwe kwenye Nyumba ya Vitu vya Watu, likae saa moja, watu wamuage pale kwa heshima anayostahili. Familia ilikaa ikalizungumza, ikakataa. Mwalimu alikaa kwenye benchi la nyumba ile Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, zaidi ya miaka minne, mlango wazi, akisubiri mtu aingie. Aliyetaka kumwona pale alikuwa na nafasi.

Wengine wameuliza familia inataka nini. Haitaki radhi ya kusomwa kwenye mkutano, na haitaki mgeni rasmi. Ghala ni la kijiji, kijiji kilifanye kitakavyo. Rafu ni za marehemu Abraham, nazo watoto wake watazing'oa wiki ijayo.

Marehemu ameacha watoto watatu, Amosi, Magreth na Sara; wajukuu saba; na mdogo wake Leonard, aliyelelewa mgongoni mwake, na ambaye siku alipohitajika kuamini, aliuliza. Ameacha wanafunzi wa miaka arobaini, ambao nusu yao wamesimama hapa na hawakumsalimu kwa karibu miaka sita.

Amani tuliyomnyima sisi, ndugu na majirani zake, Bwana ampe huko alikokwenda. Amina.